Majibu ya Mfamasia: Dawa ikiungana na kifaa, nani anakaa mezani sheria ikitungwa?

Karibuni tena wasomaji wangu. Toleo lililopita niligusia kidogo tu zile sindano zinazotoka kiwandani zikiwa zimeshajazwa dawa, nikadhani nimemaliza, kumbe nimechokoa mzinga wa nyuki, barua zimemiminika. Nimechagua 4. Kabla sijaanza niweke sawa neno moja maana najua litatuchanganya: leo nikisema "mseto" sizungumzii dawa mseto ya malaria, ile ALu tunayoijua wote. Nazungumzia kitu kimoja ambacho ndani yake mna dawa na mna kifaa pia, kama peni ya insulini, inhela ya pumu, stenti ya moyo iliyopakwa dawa na kadhalika.

Shikamoo dada Mfamasia. Mimi Mtanzania, niko Minnesota, nafanya kazi kiwanda kinachounganisha sindano za kujidunga. Juzi kwenye kikao bosi katuambia kampuni imejiunga na umoja wa makampuni unaopeleka maoni FDA, ile mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, kuhusu sheria za bidhaa mseto, akasema "wanatupigania". Najiuliza wanampigania nani hasa, mgonjwa au mfuko wao? Na sindano nayo inahitaji umoja mzima wa kuitetea? – Kijana wa Minnesota

Marahaba mdogo wangu. Swali lako ndilo limenifanya nikae na kalamu wiki nzima, kwa hiyo nivumilie ntakuwa mrefu.

Anza na hivi. FDA ya Marekani kwa ndani ni kama nyumba 3 kwenye ua mmoja: kuna nyumba ya dawa, nyumba ya chanjo na mazao ya damu, na nyumba ya vifaa tiba, kila moja ina kanuni zake, wataalamu wake na ada zake. Sasa kitu mseto kikifika getini swali la kwanza ni kinaingia nyumba ipi. Sheria ya mwaka 1990 ikasema angalia kazi kuu inayofanywa na hicho kitu, kama kazi kuu inafanywa na dawa kinaenda kwenye dawa, kama inafanywa na kifaa kinaenda kwenye vifaa. Inasikika rahisi eeh? Chukua stenti ya Cypher iliyopitishwa Aprili 2003: ni kile kibomba cha wavu wa chuma kinachopanua mshipa wa moyo, kimepakwa dawa ya sirolimus ili mshipa usije ukajiziba tena. Kazi kuu ni kupanua mshipa, ikaenda nyumba ya vifaa, watu wa dawa wakaitwa kushauri. Peni ya insulini kinyume chake, kinachomtibu mtu ni insulini, peni ni ya kuifikisha tu, kwa hiyo inaenda kwenye dawa. Hizo ni nyepesi. Zipo ambazo watu wamebishana miaka, na ndiyo maana sheria ya 2002 ikaagiza FDA iwe na ofisi maalumu ya bidhaa mseto, na 2005 ndo ikatoka kanuni inayoeleza "kazi kuu" maana yake nini.

Kwa nini makampuni yanahangaika na mlango? Pesa na muda, nikwambie ukweli. Mwaka wa fedha 2024 ada ya kupeleka maombi ya dawa mpya yenye majaribio kwa binadamu ilikuwa zaidi ya dola milioni 4. Ada ya kifaa cha daraja la juu kabisa ilikuwa dola laki 4 na elfu 80 na ushee. Hapo bado hujahesabu majaribio yenyewe, ambayo upande wa dawa kwa kawaida yanakuwa makubwa zaidi. Kampuni ndogo yenye wazo zuri ikiambiwa pita mlango wa dawa inaweza kufunga duka kabla haijamfikia mgonjwa hata mmoja. Wengine wamekwenda mpaka mahakamani, mfano kampuni ya Genus iliyokuwa inauza bariamu, ile rojo nyeupe unayokunywa kabla ya eksirei ya tumbo, FDA ikaitaka ipite kama dawa wakati FDA yenyewe haikukataa kwamba inaingia kwenye maana ya kifaa, na Aprili 2021 mahakama ya rufaa ya Washington ikasema hapana, kilicho kifaa kisheria kishughulikiwe kama kifaa.

Basi hapo ndipo umoja kama huo wa bosi wako unapoingia. Upo unaoitwa Combination Products Coalition, ndani yake mna makampuni ya dawa na ya vifaa pamoja, halafu kuna PhRMA wa upande wa dawa na AdvaMed wa upande wa vifaa. Na mimi kwa madai yao mengi nawaunga mkono, nasema waziwazi. Wanataka majibu yaeleweke na yaje kwa wakati. Leo kampuni isiyojua mlango wake inaandika maombi yasiyozidi kurasa 15, FDA ina siku 60 za kujibu, isipojibu basi pendekezo la kampuni ndilo linasimama. Hiyo ni haki kabisa. Sheria ya Cures ya Desemba 2016 ikaongeza kwamba FDA isiite kitu dawa kwa sababu tu kina kemikali kidogo inayofanya kazi mwilini, na ikiikatalia kampuni itoe sababu za kisayansi. Mgonjwa anafaidika na hilo pia, maana kitu kisichojulikana kiko faili la nani kinakaa kabatini, na kabatini hakimtibu mtu.

Lakini kuna mahali sikubaliani nao, na hapa naomba unisikilize vizuri.

FDA ilipokuwa inaandaa kanuni ya utengenezaji wa bidhaa mseto, ile iliyotoka Januari 2013, baadhi ya watengenezaji walipinga sindano iliyojazwa dawa kuitwa mseto. Hoja yao ni kwamba hiyo sindano ni chombo tu cha kubebea dawa, sawa na chupa. FDA ikakataa, ikasema chupa inahifadhi lakini sindano inafikisha dawa mwilini, kwa hiyo ni kifaa, na anayeitengeneza lazima afuate pia masharti ya vifaa: athibitishe usanifu wake unafanya kazi kwenye mkono wa mtumiaji, adhibiti wanaomuuzia vipuri, achunguze hitilafu na kuzirekebisha. Viwanda vya dawa ambavyo maisha yao yote vilikuwa vinapima vidonge ikabidi vijifunze mambo ya springi na plastiki. Walilalamika sana. Mimi nasema FDA ilikuwa sahihi, na ntakwambia kwa nini.

Miaka ya nyuma nikiwa dirishani kwenye famasi moja hapa Dar alikuja mzee wa miaka sabini na kitu, kashika peni yake ya insulini kwenye mfuko wa Rambo, sukari haishuki, wiki ya 3 hiyo, hospitali alikotoka wameshamuongezea dozi mara 2. Nikamwambia baba hebu nioneshe unavyojichoma. Akafunga sindano mpya, akatoa kifuniko kikubwa cha nje, akazungusha yuniti zake taratibu akizihesabu kwa sauti, akaweka tumboni, akabonyeza mpaka mwisho, akahesabu mpaka 10 kama alivyofundishwa. Hakukosea hatua hata moja anayoijua. Ila ile sindano ina vifuniko viwili. Kile kidogo cha ndani, chembamba kama mrija wa peni ya Bic, hakuwahi kukitoa. Nikabonyeza shati lake pale tumboni, limelowa insulini. Wiki 3 alikuwa anachoma shati. Na lau angekigundua kile kifuniko siku ileile akiwa na dozi iliyoongezwa mara 2, sukari yake ingeporomoka mpaka kuzimia.

Insulini ilikuwa nzima. Peni ilikuwa nzima. Sindano nayo nzima, ya kiwanda kingine lakini nzima. Kilichoharibika ni pale vinapokutana, na pale vinapokutana hapana mwenyewe. Ndo maana nikisikia mtu anasema "ni chombo tu" moyo wangu unakataa, namuona yule mzee.

Ndiyo pia sababu ya vile vipimo ambavyo pengine kiwandani kwenu mnavisikia, vya kumkalisha mtu wa kawaida, siyo injinia, wampe kifaa na karatasi ya maelekezo wamuangalie atakosea wapi. Makampuni yamelalamika kwamba FDA inavidai bila mpangilio na inachelewa kuvipitia. Na wamesikilizwa! Kwenye makubaliano ya ada za dawa ya 2018 hadi 2022 FDA ilikubali kujiwekea lengo la kupitia mpango wa kipimo cha namna hiyo ndani ya siku 60. Sasa jua hayo makubaliano yanavyopatikana: kila miaka 5 FDA inakaa na wawakilishi wa viwanda, wanajadiliana ada ni kiasi gani na kazi itafanyika kwa muda gani, kisha inapelekwa Bunge lipitishe. Vikundi vya wagonjwa vinasikilizwa, sheria inalazimisha, ila kwenye vikao vyao vya pembeni, ile meza kubwa ina viti vya pande 2. Sisemi kuna rushwa wala siri, mihtasari inawekwa hadharani. Nasema yule mzee wangu hana kiti pale, na anayelipa ada lazima ataongelea kwanza muda na gharama.

Kwa hiyo kwamba wanampigania nani, jibu langu: pale wanapodai uwazi wanampigania na mgonjwa hata kama hawakukusudia, pale wanapodai kipimo kipunguzwe au ripoti icheleweshwe usiwapokee kwa makofi mpaka uone ushahidi. Wewe uliye kwenye laini ya kiwanda una nguvu kuliko unavyodhani. Septemba 2017 FDA iliiandikia barua ya onyo Meridian, kampuni tanzu ya Pfizer iliyokuwa inatengeneza EpiPen, ile sindano ya mtu aliyepata mzio mkali, ikisema kiwanda kilipokea malalamiko ya sindano kugoma na hakikuyachunguza inavyotakiwa. Sindano ya mzio ikigoma mtu ana dakika tu. Ukisikia springi imelia tofauti, au kipande hakijakaa, iandike kwenye daftari la zamu, siyo umwambie mwenzako mkienda kula. Na bosi akisema "tunapeleka maoni" muombe nakala uisome. Maoni yakishapelekwa FDA kwa kawaida yanawekwa wazi kwenye tovuti ya regulations.gov kila mtu ayaone, na wewe pia unaruhusiwa kuandika ya kwako, hawaulizi uraia wala cheo.

Habari Mfamasia, mwanangu ana pumu. Inhela yake bado inapuliza vizuri lakini siku 4 hizi haimsaidii kabisa. Muuza duka kaniambia niiweke kwenye maji, ikielea imeisha. Ni kweli? – Mama wa Tanga

Mama, usitegemee maji. Kama mtoto anahema kwa shida hata baada ya kupuliza, acha kusoma hapa mpeleke hospitali sasa hivi, hili ntalieleza ukirudi.

Ndani ya ule mkebe mna dawa na mna gesi ya kuisukuma nje. Dawa ikiisha gesi inaweza kuwa bado ipo, kwa hiyo inapuliza, inalia "fsss" kama kawaida, unaona na moshi, ila dawa yenyewe haipo au inatoka pungufu. Ni uleule mpaka wa dawa na kifaa niliokuwa namueleza kijana hapo juu. FDA mwaka 2003 ilitoa mwongozo wa kuwataka watengenezaji waweke kaunta ya kuhesabu mipulizo, na nyingi siku hizi zinayo, kile kidirisha kidogo chenye namba nyuma au juu. Zinazouzwa huku kwetu nyingine hazina. Isiyo na kaunta ihesabu mwenyewe: soma kwenye boksi, nyingi ni mipulizo 200, kama mtoto anapuliza 2 asubuhi na 2 jioni basi ni siku 50, andika kwa maka peni kwenye plastiki tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Ile ya dharura isiyo na ratiba, weka alama za vijiti kwenye boksi kila anapopuliza. Najua ni usumbufu, lakini ndiyo njia tuliyonayo.

Na ukienda famasi uliza "ipo yenye kaunta?" hata kama unajua haipo. Muuzaji akiulizwa mara 10 kwa mwezi atamuuliza aliyemletea mzigo.

Dada, mimi nasoma famasia mwaka wa 3 Dar. Mbona mifano yote ya Marekani? Kwetu hakuna hizi sheria? Na mwenzangu yuko Ujerumani anasema Ulaya ni fujo tupu. – Mwanafunzi

Mifano ni ya Marekani kwa sababu kule mabishano yanaandikwa na kubandikwa hadharani, mtu unasoma. Kwetu mamlaka yetu TMDA tangu 2019 jina lenyewe linasema dawa na vifaa tiba, vyote chini ya paa moja, kwa hiyo mahali pa kuanzia tunapo. Kenya wana Bodi ya Famasia na Sumu. Na juu yake inakuja taasisi ya dawa ya Afrika, AMA, ambayo mkataba wake ulianza kutumika Novemba 2021 na makao yake yamepelekwa Kigali. Wewe ukimaliza shule ndo itakuwa inatafuta watu, na nakuomba sana usikimbilie kwenye vidonge kama sisi tulivyofanya, soma na vifaa, soma namna springi inavyochoka na plastiki inavyobadilika kwenye joto, maana peni inayokaa vizuri kwenye friji ya Minnesota inakuja kukaa dukani Dodoma mwezi wa 11 umeme umekatika.

Ulaya siyo fujo, ila ni kweli wameumia. Kule dawa zinapitishwa na mamlaka za dawa, EMA ya Umoja wa Ulaya au za nchi, ila vifaa vinakaguliwa na mashirika binafsi yaliyoidhinishwa. Kuanzia tarehe 26 Mei 2021, kipengele cha 117 cha kanuni yao mpya ya vifaa kinataka dawa iliyoungana moja kwa moja na kifaa, kama kifaa hicho hakina alama ya CE (inayoonesha kimekidhi masharti ya Ulaya), ipate pia maoni ya shirika la namna hiyo kabla ya kusajiliwa. Viwanda vikalia kwamba mashirika yenyewe ni machache na foleni ni ndefu, na hapo walikuwa wanasema kweli. Ukiweka kipimo uweke na wapimaji.

Mimi muuguzi wa zahanati huko Kilifi. Nawafundisha akina mama kujidunga Sayana Press. Nimesoma mambo yako ya makampuni na maoni, nikajiuliza sisi wa chini nani atatusikiliza? – Muuguzi

Dada yangu, barua yako nimeiweka ya mwisho makusudi.

Wasioijua: Sayana Press ni kifuko kidogo cha plastiki ukubwa wa kidole gumba, kina sindano fupi na dawa ya uzazi wa mpango ya miezi 3, miligramu 104 tu, kila kitu kimeshaungana, huhitaji chupa wala bomba. Teknolojia ya kile kifuko, Uniject, ilianzia kwa PATH, shirika la afya lisilo la kiserikali la Seattle, Marekani. Ilipoanza kutumika ni wahudumu ndio waliokuwa wanadunga. Halafu zikafanyika tafiti Uganda, Senegal na Malawi, wanawake wa kawaida wakafundishwa kujidunga wenyewe wakafuatiliwa, na ikaonekana wanaweza na tena wanaendelea na njia hiyo kwa muda mrefu zaidi kuliko wanaolazimika kurudi kliniki. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likapendekeza kujidunga kuwepo kama njia ya nyongeza. Nani aliyeleta ushahidi ule? Ni wanawake wenyewe pamoja na wauguzi kama wewe waliokaa nao kwenye mkeka wakiandika nani kakosea wapi.

Kwa hiyo unasikilizwa ukiandika. Siyo "mama analalamika haifanyi kazi", hiyo haimsaidii mtu. Wewe unajua kwamba kabla ya kudunga lazima usukume kofia ya sindano kuelekea kifuko mpaka ule mwanya uishe kabisa, ndipo sindano inatoboa njia ya dawa, na akivuta kofia kabla ya kusukuma atabonyeza mpaka vidole viume na dawa haitoki. Sasa andika: akina mama wangapi kati ya uliowafundisha mwezi huu wamevuta kabla ya kusukuma, walikuwa wanaangalia picha ipi kwenye karatasi, mikono ilikuwa na mafuta au imelowa, namba ya toleo ni ipi. Jaza fomu ya Bodi ya Famasia na Sumu, na nakala ibaki kwako. Kisha uniletee na mimi hizo namba bila majina ya akina mama, ntazichapa hapahapa toleo lijalo, na wengine wa Kwale, Lamu na Pemba wanaofundisha sindano hiyohiyo wataleta za kwao.